Mahindi ya Madini

Mlango wa banda ukafunguliwa kabla Delphia hajapata pa kulificha lile hindi.

Akalisukumia kwenye mfuko wa aproni. Hapakuwa na pahali pengine.

"Hodi, shemeji," akasema Burchel Noe, na tayari alikuwa ndani.

Kwa aliyetukosa wiki iliyopita nitasema upesi, maana Burchel hasubiri. Hindi lenyewe si la kula. Ni kipande cha madini ya risasi kilichomiminwa kwenye kikaango cha mikate ya mahindi, kile cha chuma kizito chenye vishimo vyenye sura ya hindi, ambacho hakikosekani katika nyumba yoyote ya milima hii ya Kentucky. Kikishaonja madini hakirudi tena jikoni, kinabaki bandani mpaka kiyama. Delphia alikirithi chake kwa mama yake, na kishimo kimoja kilivunjika mwishoni. Kwa hiyo hindi linalotoka katika kishimo hicho lina ncha iliyopinda kama pua ya bondia.

Kikaango hicho kilikuwa ndani ya pikapu ya mumewe, Estill, asubuhi ile alipoondoka. Tangu hapo hajaonekana Estill, wala pikapu, wala kikaango. Bonde zima lilisema amekimbilia Ohio na mwanamke. Sherifu akasema hivyo hivyo, akaenda zake kunywa kahawa. Na Burchel huyu, mwenye yadi ya vyuma chakavu, rafiki wa Estill tangu wakiwa na kamasi puani, alisimama kanisani akainua mkono: hajamwona Estill tangu kiangazi.

Sasa hindi lenye ncha iliyopinda limetoka ndani ya pipa la madini chakavu. Na pipa hilo Delphia amelinunua yadini kwa Burchel.

Yuko hai? Amekufa? Ndicho Delphia alichokuwa anajiuliza mlango ulipofunguka.

"Umewasha jiko mapema," Burchel akasema. Alivaa shati la nailoni linalong'aa, na macho yake hayakumtazama Delphia. Yalitazama pipa.

"Msimu wa kulungu unafunguliwa Jumamosi," Delphia akajibu. "Wanaume wamekaa mwaka mzima, leo ndio wanakumbuka kwamba bunduki inataka risasi. Wewe umekuja kuagiza?"

"Nimekuja kuomba radhi. Yule mfanyakazi wangu mpya ana kichwa cha boga. Kakupakilia pipa ambalo silo."

"Lina nini?"

"Zinki. Limejaa zinki, shemeji. Itakuharibia chungu kizima, risasi zitoke na mabaka kama ndui. Nalichukua, nakuletea jingine."

Uongo. Delphia alikuwa ameshapitisha mkono wake humo. Vipande vya kubalansi tairi vilivyojaa humo alikuwa amevibana kimoja kimoja kwa koleo, na koleo lilivikata kama jibini. Zinki haikubali koleo. Mtoto wa bonde hili analijua hilo kabla hajajua kufunga viatu.

"Nimeshachagua mwenyewe," akasema.

"Umechagua?" Sauti ya Burchel ikashuka. "Yote?"

Mfuko wa aproni, wanangu, si kitu cha kufichia madini. Hindi lile lilikuwa na uzito wa kuku mzima. Delphia alisikia mshono ukianza kulia.

"Ya juu tu," akajibu. "Huko chini sijafika."

Burchel akapumua. Akalishika pipa, akalisukuma. Halikusogea hata kidogo. Pipa la madini haliinui mtu mmoja hata akiwa Samsoni, na huyu Burchel alikuwa Samsoni aliyekwisha kunyolewa.

"Basi tuyeyushe," akasema ghafla.

"Si umesema lina zinki?"

"Nitaitoa mimi mwenyewe. Tena nikusaidie, umalize leo. Rafiki yangu kakuacha peke yako na kazi ya kiume, nami nikae nikitazama?"

Akavua koti. Akainama juu ya pipa.

Delphia akabaki amesimama kando ya chungu. Humo madini yalikuwa yameshaiva, yanameta kama kioo kipya, na nta ya mshumaa aliyokuwa ametia kuyasafisha ilikuwa inamalizia moshi wake. Vishikio vya chuma vya zile balansi vilikuwa vinaelea juu kama vijiti mtoni. Aliviopoa kwa upawa wenye matundu, polepole. Jicho moja lilikuwa juu ya Burchel.

Burchel alikuwa anachimba. Hakutoa zinki yoyote. Akazamisha mkono mpaka kwapani, akautoa amekunja ngumi, akanyoosha haraka juu ya chungu.

Plumbu.

Lakini kiganja cha mtu hakitoshi kufunika hindi. Delphia aliona punje. Aliona safu za punje zikizama, zikilainika, zikipotea.

"Hiyo nayo ilikuwa zinki?"

"Bomba la zamani," Burchel akasema, bila kugeuka. Mkono ukarudi pipani.

Plumbu. Hindi jingine. Ushahidi ulikuwa unageuka uji mbele ya macho yake, na yeye ndiye aliyewasha jiko.

"Wifi! Upo? Mbona mlango wazi na baridi hii?"

Loo! Ova, dada wa Estill, akaingia bila kubisha, na shali begani, na kikombe kikubwa cha kahawa kinachotoa mvuke. Delphia alitaka kumkumbatia.

"Na wewe Burchel umo! Nimekuona Jumapili ukisinzia wakati wa mahubiri, mdomo wazi, ningeweza kukutupia biskuti. Wifi, shika kahawa. Maharage nimeyaacha motoni. Sikai, nikikaa yataungua, na yakiungua mume wangu atasema ni makusudi."

"Wifi," Delphia akasema taratibu, "ukitoka, mpitie mchungaji. Mwambie yale mahindi ya mama yameonekana. Aje ayachukue sasa hivi."

Bega la Burchel likasimama.

"Mahindi ya mama yupi?" Ova akauliza.

"Ya mama yangu. Yale ya kikaango."

Ova akamtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu mwenye homa. "Masikini wifi. Mama yako yuko makaburini mwaka wa tisa. Unakula vizuri kweli? Ni yule ndugu yangu mpumbavu amekutia wazimu. Akirudi kutoka Ohio nitamvua suruali nimchape mbele ya kanisa. Unywe kahawa, usikie? Unywe ikiwa moto." Akatoka. Nyayo zake zikapotea kwenye majani makavu, na mdomo wake bado ukiendelea.

Burchel akaenda mlangoni. Akaurudisha polepole. Akatia komeo.

"Mahindi gani, shemeji?"

Na hapo ndipo mshono ulipoachia. Trrr! Hindi likateleza, likapiga saruji. Madini ya risasi hayalii kama chuma. Yanatua tu, *dup*, kama mtu aliyeanguka kitandani.

Wakalitazama wote wawili. Ncha iliyopinda ilimwelekea Burchel.

"Nipe hilo," akasema.

"Mume wangu yuko wapi?"

"Delphia, nipe hilo."

Hakuna tena shemeji. Delphia akaliona hilo, na akamwona akipiga hatua. Mlango una komeo. Dirisha ni dogo hata kwa paka. Akachukua upawa wa kumiminia, akauchovya wote ndani ya kahawa, akaunyoosha juu ya chungu. Ukatona. Matone yakaruka juu ya madini yakifanya *chss, chss*.

Burchel akaganda kama nguzo ya simu.

Unajua kwa nini? Tone likianguka juu, linachezacheza na kukauka. Lakini chombo kilicholowa kikizamishwa chini, maji yanaswe humo ndani, hayapati pa kutokea. Chungu kizima kinaruka hadi darini. Amosi, mjomba wake Burchel, alitia ndani kipande kilichonyeshewa mvua, na mpaka leo anamsalimia mkewe kwa jicho moja.

"Usifanye mchezo," Burchel akanong'ona.

"Sichezi."

"Utaungua na wewe."

"Mimi nina aproni ya ngozi, nina glavu mpaka viwiko, nina miwani. Wewe una nailoni." Delphia akashusha upawa kidogo. "Nailoni haiungui, Burchel. Inashika ngozi. Umemuua?"

"Sikumuua! Naapa kwa kaburi la mama!"

"Uliapa na kanisani."

"Yuko hai! Yuko hai, mwanamke, ondoa huo upawa!"

Delphia hakuuondoa. Ila macho yakashuka sakafuni, kwenye hindi, na kwa mara ya kwanza akaliona sawasawa. Linameta! Madini yakimiminwa hung'aa kama sarafu, kisha siku zikipita yanafubaa, yanavaa kijivu. Hili halikuwa limefubaa hata mashimoni mwa punje. Lilikuwa limetoka kwenye kikaango juzi juzi.

Yupo. Mahali fulani, Estill wake yupo na kikaango cha mama yake, anayeyusha na kumimina.

"Nani amemshika?"

Burchel akacheka, kicheko kibaya chenye jasho. "Amshike nani? Hajashikwa na mtu. Yuko Namba Nne."

"Mgodi si ulifungwa?"

"Ndiyo. Na kebo zimebaki humo, maili na maili, zimevikwa madini kama miwa na maganda yake. Estill anazimenya. Shaba mimi nanunua, madini nayo nanunua. Siku ile ya kwanza mlinzi aliiona pikapu yake. Akaogopa kurudi nyumbani. Akasema heri waseme nimetoroka na mwanamke kuliko waseme mwizi."

Delphia akabaki na upawa wake mkononi.

Wiki zote hizo. Wanawake wanaonyamaza akiingia dukani. Mito miwili kitandani, mmoja baridi. Na Estill alikuwa upande wa pili wa mlima, anamenya kebo!

"Heri waseme ametoroka na mwanamke," akarudia. "Heri kwa nani?"

"Mimi nilimwambia akuambie. Kweli kabisa."

"Wewe hukumwambia kitu." Akamtazama, na kuna jambo halikukaa sawa. Mwizi wa kebo ni kesi ndogo. Mnunuzi wake ni kesi ndogo zaidi. Mtu hafungi mlango kwa komeo kwa sababu ya kesi ndogo. "Kwa nini umekuja kuyayeyusha? Ungeniacha nimimine, nisingefika chini mpaka kesho."

Burchel akatazama saa yake ya mkononi.

Alitazama kidogo tu, kama mtu anayefukuza inzi. Lakini Delphia aliona.

"Una haraka gani, Burchel?"

"Sina."

"Leo kuna nini?"

Ndipo, kutoka upande wa pili wa mlima, kikapanda mlio mrefu, mwembamba, ambao bonde halikuwa limeusikia tangu mgodi ufungwe. King'ora cha Namba Nne.

Delphia alikumbuka. Lilitangazwa kanisani, kati ya wagonjwa wa kuombewa na mauzo ya keki: kampuni italipua mdomo wa mgodi, watoto wasisogee huko. King'ora cha kwanza cha kuwaonya watu. Cha pili cha wafanyakazi kujiweka mbali. Na cha mwisho ni baruti.

"Hajui," akasema. "Yuko chini, na hajui."

"Kule chini ving'ora havifiki," Burchel akajibu, na sauti ilikuwa ya mtu aliyechoka kubeba kitu. "Aliniambia Jumatatu anaacha. Anarudi kwako, na anakwenda kwa sherifu kusema yote. Na angeanza na jina langu, Delphia! Mimi nina yadi. Mimi nina watoto."

"Ukaona azibwe humo."

"Sikuona kitu. Nilinyamaza tu."

"Ukanyamaza, na mahindi yakayeyuka, na sisi wengine tukaendelea kumlaani huko Ohio mpaka tufe."

Burchel akaruka.

Alikuwa mwepesi kuliko alivyofikiri Delphia. Akaushika mkono wake, akausukuma pembeni, naye Delphia akausukuma chini, wakavutana juu ya joto lile kama watoto wanaogombea kijiko. Kisha glavu ikateleza.

Upawa ukazama.

*BAA!*

Delphia alikuwa ameshageuza uso. Alisikia mvua nzito ikipiga aproni, ikipiga ukuta, ikipiga mabati juu. Alisikia ukelele wa Burchel. Alipogeuka, yule bwana alikuwa sakafuni anajiviringisha. Shati lilikuwa limemshika mkono wote hadi shingoni, na matone ya fedha yameganda kwenye nywele zake.

"Nakufa! Shemeji, nakufa!"

Sasa shemeji imerudi.

"Hufi. Pipa la maji liko nje. Ingia mzima mzima."

Akafunga gesi. Hata bonde zima lingekuwa linawaka, mtu aliyezaliwa kwenye kazi hii hatoki bandani kabla hajafunga gesi. Akachomoa funguo kwenye koti la Burchel. Akang'oa komeo. Matundu mawili ya aproni yalikuwa yanafuka moshi, na hakuyazima.

Pikapu ya Burchel ilikohoa, ikakataa, ikakohoa tena. "Waka, mbwa wewe!" Ikawaka. Ova alikuwa barabarani, bado njiani kwenda kwenye maharage yake. Akaruka kwenye mtaro na shali yake.

"Wifi! Unakwenda wapi na gari la watu?"

"Kumchapa ndugu yako!" Delphia akajibu kwa dirisha, na hakupunguza mwendo.

King'ora cha pili kilimkuta darajani.

Kwenye lango la mgodi walikuwepo walinzi wawili na kamba nyekundu. Mmoja akanyoosha mkono. Delphia akapita na kamba, na mkono ungepita nao kama mwenyewe asingeuondoa. Akasimamisha gari karibu na mdomo wenyewe, pale nyaya za baruti zilipokuwa zimelala kwenye kokoto kama nyoka wanaoota jua.

"Mama! Mama, rudi! Watalipua!"

"Kuna mtu ndani!"

"Hakuna mtu! Tumekagua!"

"Mmekagua mpaka wapi?"

Mlinzi alikuwa na ndevu za juzi na viatu safi visivyo na vumbi la makaa hata kidogo. Delphia akavitazama viatu vile, akajua wamekagua mpaka wapi.

"Wapigie simu wasimamishe," akamwambia.

"Simu iko ofisini, mama! Na wale wenye mashine wako nyuma ya kilima, hawatuoni! Wanafuata king'ora tu!"

"Basi kimbia."

Mlinzi akakimbia. Alikimbia kweli, kofia ikamdondoka. Lakini ofisi ilikuwa chini kabisa, baada ya reli, na Delphia hakuwa mjinga. Alimpigia hesabu, akaona hafiki.

Alikuwa na haki ya kugeuka. Nani angemlaumu? Mwanamume aliyemwacha acheke peke yake mbele ya watu, alie peke yake nyuma ya mlango. Ajizibe mwenyewe kwenye shimo alilolichagua. Delphia alilifikiria hilo, sitawadanganya. Alilifikiria muda wa kuvua glavu moja na ya pili.

Kisha akachukua taa iliyokuwa juu ya toroli.

"Hafi mtu," akasema, "kabla sijamaliza naye."

Akaingia.

Ndani kulikuwa na baridi ya sakafu ya kaburi. Maji yalimfika vifundoni. Aliikimbilia njia iliyoshuka, nuru ya mlangoni ikabaki nyuma yake, ndogo kama sahani, halafu ndogo kama kifungo. Ukutani, mahali ambapo kebo zilikuwa zimeninginia tangu ujana wake, sasa palibaki kulabu tupu, moja baada ya nyingine.

"Estill!"

Jina likaenda, likarudi, halikuleta kitu.

Huko nje, nyuma ya kilima, king'ora cha mwisho kikaanza kupanda.

"Estill Stidham! Toka huko, mwanaharamu wewe! Toka!"

Na ndipo, chini sana, upande wa kushoto, penye giza kuliko giza lote, mtu akakohoa. Kikohozi kikavu cha makaa, chenye mluzi mwishoni. Miaka yote ya ndoa Delphia alikuwa amelala kando ya kikohozi kile.

Akakifuata mbio, na ardhi ikaanza kutetemeka chini ya miguu yake.